Kulinganisha au Kuficha: Njia Mbili za Kuifunza Kompyuta kwa Picha za CT Zisizochorwa Mipaka
Kabla ya kufundishwa kuchora mipaka ya viungo, kompyuta inaweza kujifunza kwanza kwa picha za CT (picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande) ambazo hakuna aliyezichora mipaka. Njia ya kwanza, kulinganisha, iliyovuma kupitia mfumo uitwao SimCLR mwaka 2020, huipa kompyuta nakala mbili zilizobadilishwa za picha moja ili izitambue kuwa ni pacha na kuziweka mbali picha nyingine zote. Lakini picha za ini za wagonjwa wawili hufanana mno, na kulazimisha zitenganishwe ni kuifunza makosa. Ya pili, kuficha, iliyo katika mfumo uitwao MAE wa mwaka 2021, huficha asilimia 75 ya picha na kuitaka kompyuta ijaze mapengo. Ili irudishe ukingo uliofichwa, ni lazima ijue ini linaishia wapi na figo inaanzia wapi, ujuzi uleule wa kuchora mipaka ya viungo. Naichagua hii, ingawa uvimbe mdogo ukifichwa wote, hakibaki kitu cha kuisaidia kompyuta kuukisia.