King'amuzi Gani Ununue Tanga kwa Ajili ya Mpira

Ukiingia dukani pale Tanga mjini, muuzaji atakutajia kwanza bei ya dishi na king'amuzi. Hiyo unalipa mara moja, yakaisha. Kinachokula fedha ni kifurushi, kwa sababu mpira nao hununuliwa. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na sehemu ya fedha hiyo hurudi kupitia malipo yetu ya kila mwezi. Basi tafuta kifurushi chenye mechi unazozitaka, zidisha bei yake kwa 10, maana msimu huchukua takribani miezi hiyo, ndipo ulinganishe.

Kwa nyumba nyingi za hapa, namba moja ni Azam. Coastal Union wakisafiri kwenda Mbeya au Mwanza, wangapi tutawafuata? Wagosi wa Kaya, mabingwa wa 1988, ni timu yetu, na haki za ligi yao ziko Azam. Ila usilipe kabla hujaonyeshwa kifurushi chenye chaneli ya mechi hizo. Jibu la "zote zipo" lisikutoshe. Kagua na uwanja wako pia. Satelaiti wanayotumia iko nyuzi 7 mashariki, nasi Tanga tuko kwenye 39, hivyo dishi linatazama magharibi. Mwembe wa jirani ukiwa upande huo, fundi alipandishe juu zaidi au alihamishe, na aseme gharama yake mapema.

Wa Raskazone na Chumbageni, chumvi ya bahari inakula chuma haraka mno. Sisitiza viungio vya waya vifungwe vizuri visiingize maji, na dishi lenye kutu usilichukue hata ukipunguziwa.

DStv naiweka ya pili. Kama nyumbani hamkosi Arsenal wala Liverpool, Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport, chaneli za michezo za DStv, na picha yake ni safi. Lakini mechi nyingi za Uingereza zinataka kifurushi cha juu, na hapo ile hesabu ya miezi 10 inauma. Chukua tu kama unaweza kulipa mfululizo.

Anayetaka mechi kubwa peke yake, Simba na Yanga, fainali, basi, nafasi ya tatu nampa kibanda umiza, ukumbi wa mtaani wa kutazama mpira kwa kiingilio. Analipia mechi aliyoiona, mwezi usio na mpira halipi kitu. StarTimes ya antena inafaa kwa taarifa ya habari na vipindi vya watoto. Kwa mpira wetu naiweka mwisho.

King'amuzi cha mtumba kinaweza kuwa nafuu, lakini huwa kimesajiliwa kwa jina la mtu. Nendeni wote wawili, wewe na muuzaji, kwa wakala mkabadilishe jina kabla hujatoa fedha.