Eau Sauvage: manukato ya mtu asiyetaka kutanguliwa na harufu yake

Ukiomba Eau Sauvage dukani, angalia vizuri unachopewa. Wauzaji wengi wakisikia jina hilo mkono huenda moja kwa moja kwenye Sauvage, ile ya chupa nyeusi iliyotoka 2015. Zote ni za Dior, lakini ni vitu viwili mbalimbali. Ninayoisema mimi ni ile kongwe, aliyoitunga Edmond Roudnitska mwaka 1966.

Ukipuliza tu, kinachotangulia ni limau na begamoti, tunda la jamii ya limau, kali kidogo, kama ganda lililominywa sasa hivi. Kisha mrehani na rozimari. Baada ya hapo ndipo inaponikosha: ukali unatulia, unabaki ubichi wa majani yaliyolowa, na ndani yake asumini kwa mbali. Asumini hiyo si ua, ni hedioni, kemikali iliyopata umaarufu kupitia manukato haya haya. Mke wangu, Mpemba, alininusa shingoni akauliza, "Mbona leo wanukia kikuba?" Kikuba ni kishada cha mrehani na asumini, atakosaje kuvijua! Chini kabisa kuna vetiva, mizizi ya nyasi yenye harufu, na kuvumwani ya mwaloni, ile inayoota kwenye magome ya mti huo; ndivyo vinavyoikausha isigeuke sharubati.

Kuhusu kudumu, limau ni limau: hupaa upesi, na kwa joto la Dar mwezi wa Januari ndiyo kabisa. Nikijipuliza asubuhi, adhuhuri imebaki ile ya chini tu, na mpaka mtu akusogelee ndipo aisikie. Aliyezoea udi na manukato mazito ya Dubai ataona kapigwa. Mimi nilitaka hicho hicho. Ofisi yetu ni chumba kimoja na feni moja, na yumo mwenzetu anayejimwagia pafyumu mpaka chai inabadilika ladha. Ijumaa na harusini kanzu yangu bado naifukiza udi. Hii si ya shughuli hizo.

Ipulize kifuani kabla ya kuvaa shati, na kidogo kwenye shati lenyewe, maana pamba hushika harufu kuliko ngozi yenye jasho. Anza na chupa ya mililita 50. Bei yake si ya mzaha, kwa hiyo ukiikuta mtaani kwa bei ya kutupa, ipite. Anayetaka ya kukaa kutwa atafute Eau Sauvage Parfum, nzito zaidi, ila ule wepesi wa limau ausahau.