Siku 30 baada ya oparesheni: dakika 5 5 au nusu saa kwa mpigo?

Ukishafanyiwa oparesheni kubwa ya tumbo na daktari akakuruhusu kutembea, kuna njia mbili za kumaliza huo mwezi. Ya kwanza vipande vipande, dakika 5 asubuhi, 5 mchana, 5 jioni, hata kama ni kuzunguka kitanda tu umeinama kidogo, mkono umeshika mshono. Ya pili unakaa mchana kutwa halafu jioni unajikaza nusu saa nzima.

Mi naisapoti ya kwanza, maana damu huganda kirahisi miguuni ukikaa masaa mengi bila kusogea na hiyo nusu saa ya jioni haifuti masaa 10 ya kochi, halafu wiki ya kwanza unaamka kesho yake hoi, unaruka siku, ukiruka mbili ndo basi tena.

Nusu saa ina raha yake lakini, ukimaliza umemaliza, hamna alamu za kukukera. Ila ingoje wiki ya tatu au ya nne hivi.

Kunyanyua vitu vizito sahau kwanza, kwa wengi ni kama wiki 6. Na kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma usijitie unakinyoosha kwa kutembea, wahi hospitali.