Jogoo wa Kuchi katika kundi la nyumbani: uzoefu wangu wa Arusha

Jogoo ninayemwandikia tathmini hii ni wa Kuchi, aina ya kuku wa asili wa Tanzania, niliyemnunua akiwa na umri wa miezi minane kwa mfugaji wa Usa River anayeuza mbegu ya kuku wa asili. Nilimlipia shilingi 60,000, na sasa anaongoza mitetea kumi wa kienyeji nyumbani kwangu Sakina, jijini Arusha. Bei hiyo ni karibu mara mbili ya ile niliyotajiwa sokoni kwa jogoo wa kawaida, kwa hiyo ni haki kumweleza kinagaubaga anayefikiria kufanya kama mimi. Kwa mtu anayetaka kuangulisha vifaranga wake mwenyewe nyumbani, naona fedha hiyo imekwenda mahali pake, na sababu kubwa si uzito wa jogoo bali kujulikana kwa asili yake na tabia yake mbele ya mitetea.

Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula tu hana haja ya kusoma zaidi, kwa kuwa mtetea hutaga bila jogoo, na jogoo atamwongezea gharama ya chakula na kelele za alfajiri. Mimi nahitaji mayai yenye mbegu, kwa sababu mitetea yangu huatamia yenyewe na sitaki kutegemea kununua vifaranga.

Kabla ya kumpata huyu nilikuwa na jogoo chotara wa aina ya Sasso. Sasso, ambaye asili yake ni Ufaransa, na Kuroiler, aliyetokea India, ni kuku wazuri kwa kazi yao: hukua haraka, hula vizuri, na majogoo wao huuzika mapema kwa nyama. Hata hivyo, wote wawili ni matokeo ya kuchanganya koo zilizochaguliwa, na ukichukua mayai ya machotara hao kwa hao, kizazi kinachofuata hakifanani na wazazi. Mmoja atakua haraka, mwingine atadumaa, na wewe hujui kwa nini. Tena jogoo wangu yule alikuwa mzito mno kwa mitetea midogo ya kienyeji. Migongo yao ilinyonyoka manyoya, na wawili walipata vidonda ubavuni kwa kucha zake. Kwa nyama nampendekeza kwa moyo wote, lakini kwa kupanda mitetea ya kienyeji simpendekezi.

Kuchi naye si mwepesi, kwa kuwa jogoo wake hukaribia kilo 3, lakini ana miguu mirefu, mwili ulionyooka na manyoya machache, na anasimama juu ya mtetea bila kumlalia. Ni kuku wa hapa kwetu Tanzania, anayefahamika zaidi kwa wafugaji wa Mwanza na Shinyanga na pia Pemba, na upanga wake, yaani ile nyama nyekundu ya utosini, ni mdogo ulioshikana na kichwa. Mtu aliyezoea upanga mkubwa unaosimama huweza kumdharau kwa kumtazama tu, na hapo atapoteza jogoo mzuri.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi katika ununuzi huu ni namna muuzaji alivyoniacha nichague. Alinionyesha mama wa jogoo na ndugu zake, akanifungulia daftari la chanjo, kisha akaniruhusu kukaa kando ya banda niwaangalie majogoo watatu wakiwa pamoja na majike. Mfugaji yeyote asikubali kununua jogoo aliyefungwa miguu ndani ya tenga, kwa sababu kwenye tenga huoni anavyotembea wala anavyoishi na wenzake. Niliangalia macho yawe angavu na bila machozi, upanga na ndevu viwe vyekundu, mfupa wa kifua uwe umenyooka, vidole visiwe vimepinda, na magamba ya miguuni yawe yamelala vizuri, kwani magamba yaliyoinuka na kuwa na ukoko ni dalili ya utitiri wa miguu. Nilipapasa chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja nikitafuta chawa. Baada ya hapo nikamwaga punje za mahindi chini. Jogoo mmoja alizila zote, wa pili alimfukuza jike aliyesogea, na wa tatu alidokoa punje, akaiachia, akaita kwa sauti fupi za haraka mpaka majike wakaja kula. Nilimchukua huyo wa tatu, ingawa hakuwa mkubwa kuliko wenzake.

Muuzaji alimleta kwa bodaboda kabla ya jua kuwa kali, na akanisisitizia nimtenge kwa wiki 2 hadi 3. Nilifanya hivyo katika kibanda cha nyuma, kikiwa na vyombo vyake vya maji na chakula, nikamhudumia baada ya kuwahudumia kuku wengine. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, hakina tiba, na kuku mgeni mwenye afya machoni anaweza kukiingiza kwenye kundi zima. Mitetea yangu hupewa chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na jogoo ameingizwa katika ratiba hiyo hiyo.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na huyu alilisema, ni kwamba mbegu za jogoo wa zamani hukaa hai ndani ya mwili wa mtetea kwa wiki 2 hadi 3. Ukimwondoa jogoo leo na kuweka mayai ya wiki ijayo kwa kuku anayeatamia, usishangae ukipata vifaranga wa yule uliyemwondoa. Nilisubiri wiki 3 tangu Kuchi aanze kupanda, ndipo nikaanza kukusanya mayai ya kuatamiwa. Nilipoyamulika kwa tochi usiku wa siku ya saba, karibu yote yalionyesha mishipa ya damu, na siku ya 21 vifaranga walitoka wakiwa na miguu minene kuliko ya watoto wa kienyeji niliowazoea.

Kwa ulinzi sina malalamiko. Mwewe akipita juu ya migomba, jogoo hutoa mlio mmoja mrefu na mitetea yote hukimbilia chini ya majani. Akiona mbwa au nguchiro, hutoa mlio mwingine wa kukatakata, nao husimama wima na kutazama. Kwa mitetea kumi ametosha kabisa, maana jogoo mmoja huhudumia majike 8 hadi 12 bila kuwachosha.

Kasoro zake zipo. Kuchi ni mgomvi kwa majogoo wenzake, na mapora, yaani majogoo wachanga, waliozaliwa kwake wanapaswa kutengwa au kuuzwa mara wanapoanza kuwika. Kwa watu hajawahi kuwa mkali, na lau angewarukia watoto ningemchinja bila kusita, kwa sababu ukali huo unaweza kurithiwa. Kelele nazo hazikwepeki. Nilifunika madirisha ya banda kwa magunia, na bado huwika kabla ya adhana ya alfajiri; watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kwa kufuata saa iliyo ndani ya mwili wake hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Nilizungumza na majirani mapema, na wawili kati yao wameahidiwa vifaranga.

Chakula pia kinahitaji uangalifu. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi ambayo jogoo haihitaji, na kwa muda mrefu huweza kumdhuru figo. Ninawapa wote chakula cha kukuzia pamoja na pumba na mashudu ya alizeti, na chokaa ya mifugo ninaiweka kwenye chombo cha peke yake ili mitetea ijichukulie.

Mabinti zake watakapokaribia kutaga, jogoo huyu ataondoka, kwa kuwa sitaki awapande watoto wake mwenyewe. Muuzaji amekubali kunibadilishia kwa jogoo wa ukoo mwingine kwa nyongeza ya shilingi 15,000. Anayeishi kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, au ambaye hana mahali pa kutengea mapora, asimnunue Kuchi. Atafute jogoo mpole wa kienyeji kutoka kwa mtu anayeweza kumwonyesha mama yake.