Amplifaya ya Marekani mjini Lamu: transfoma ya nje au ya ndani?

Amplifaya ya gitaa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia volti 120 na hezi 60 (yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde), ilhali soketi za Lamu, kama za Kenya nzima, hutoa volti 240 na hezi 50.

Njia ya kwanza ni kununua transfoma ya kupunguza umeme, lile boksi zito linalokaa kati ya soketi na amplifaya. Chombo hakiguswi, na siku ya kukiuza kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Hata hivyo boksi hilo halibadilishi hezi, kwa hiyo transfoma ya ndani iliyoundwa kwa hezi 60 pekee itapata moto zaidi. Tena hakikisha lina tundu la waya wa ardhi, kwa maana nyuzi za gitaa unazozishika zimeunganishwa na bodi ya amplifaya.

Njia ya pili, ninayoipendelea, ni kumpa fundi aifungue. Huenda transfoma iliyomo ina nyaya za volti 240 zilizokunjwa pembeni bila kutumika, na kazi ikawa ya kuhamisha nyaya chache tu. Zisipokuwapo, transfoma yote hubadilishwa na gharama hupanda. Fyuzi nayo (hili husahaulika mno) hupunguzwa nusu, ya ampea 2 ikawa ya ampea 1. Amplifaya ikiwa ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), kapasita zake, yaani vihifadhi umeme, huweza kushikilia volti mia kadhaa hata plagi ikishachomolewa, basi fundi asiyejua kuzimaliza umeme asiiguse.

Kwa anayepanda mashua kwenda Shela kupiga harusini, kubeba na boksi la transfoma ni adha tupu.