Black Panther wa inchi 6: miezi minane ndani ya kabati la wavu

Nianze na bei, maana barazani ndiyo ya kwanza kuulizwa. Kisanamu hiki cha Black Panther kimenisimamia shilingi 95,000, na nauli hapo hakuna: shemeji yangu alikuja nacho kutoka Maskat kimeviringishwa ndani ya kanzu zake. Kabla ya hapo nilishaliwa. Duka moja la mjini liliniuzia "orijino" kwa 20,000. Nilipofungua, harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima, makucha yamevimba kama kamba wa kuchemsha, na siku ya tatu mkono mmoja ukanibakia kiganjani. Kwa hiyo nikikisifu hiki, mjue nimetokea wapi.

Ni kisanamu cha inchi 6, yaani kama sentimita 15. Hesabu yake nyepesi: mtu wa futi 6 anakuwa inchi 6, moja kwa kumi na mbili. Mhusika mwenyewe ni wa siku nyingi, Stan Lee na Jack Kirby walimtoa kwenye kitabu cha katuni mwaka 1966, lakini changu ni cha filamu ya 2018 aliyoiongoza Ryan Coogler, na suti ni ile nyeusi tupu. Iko na yenye mistari ya zambarau, sikuitaka. Zambarau kwenye vitu vidogo hivi hupakwa juu juu, na cha juu juu ndicho cha mwanzo kubanduka.

Vichwa viwili vimo ndani ya boksi: cha kinyago, na cha uso wa Chadwick Boseman, mwigizaji aliyemcheza kwenye filamu, aliyefariki Agosti 2020. Uso haukuchorwa kwa brashi, umepigwa chapa na mashine. Ukiuweka mbali kidogo ni yeye hasa, hata ndevu. Ukisogeza kioo cha kukuzia unaona vidoti vidoti tu, kama picha ya gazeti. Mimi kile kichwa nimekitia mara mbili, nikakitoa. Kumtazama machoni bado kunanitia huzuni.

Viungo ni vizuri kuliko nilivyotarajia. Goti linakunjika pahala pawili, kiwiko vivyo hivyo, ukitaka unamchuchumaza chini kabisa kama mzee anayesubiri zamu yake ya bao. Ila nyonga ya kulia ililegea tangu siku ya kwanza, akisimama mguu mmoja anaanguka, na kifundo cha mguu wa kushoto kilikuja kimekaza kama kufuli lenye kutu. Kampuni siitaji. Kwa kifundo nilifanya tunavyofanya wote: kikombe cha maji ya moto, si ya kutokota, mguu ukae humo kama dakika moja, kisha uuzungushe taratibu. Usilazimishe. Pini ya ndani ikikatika hakuna gundi itakayokusaidia.

Sasa lililonifanya niandike. Video zote za wakusanyaji wa ng'ambo zinakwambia usifungue boksi, thamani itashuka. Hao wanalala kwenye viyoyozi! Mimi nakaa Mikunguni, hapa Unguja, chini ya bati, na kaskazi ikishika, umeme ukakatika na feni ikasimama, hata mshumaa unalegea. Plastiki ya visanamu hivi hutiwa kilainishi ili isivunjike, na joto hukivuta kile kilainishi kije juu. Ndiyo ule unato unaousikia ukishika kisanamu cha zamani, unadhani mtu kakimwagia shira. Kikifungiwa ndani ya boksi unato hauna pa kwenda, unazidi. Nilipoteza kimoja namna hiyo miaka ya nyuma, boksi lenyewe likaota ukungu masika, kwa hiyo hiyo thamani sijui ningemuuzia nani.

Hiki nilikifungua siku ile ile. Kinakaa ndani ya kabati la wavu la bibi, lile la kuwekea vyakula, mbali na dirisha jua lisikifikie. Chini nimetandaza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Mara moja kwa mwezi nakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, nakikausha kwa kitambaa. Kimepita kaskazi nzima na masika nzima, na leo nimekipitisha kidole tangu utosini: kikavu. Mkufu wa fedha shingoni umechubuka kidogo upande mmoja, basi.

Kabati lile lina sababu ya pili. Mama hapendi sanamu ndani ya nyumba, malaika hawaingii, na mimi sibishani naye kwa hilo. Tumepatana: kabati liko chumbani kwangu na mbele lina pazia la kanga. Hewa inapita, yeye haoni.

Lakini siku moja alinikuta nakiosha uani, akakichukua. Mama anashona kofia za viua tangu mimi sijazaliwa. Suti ile, ukiitazama kwa karibu, imejaa pembetatu ndogondogo zilizoinuka. Ndiyo kazi ya Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi ya filamu ile aliyepata Oscar mwaka 2019, na mwenyewe aliziita pembetatu za Okavango. Kwenye kisanamu wamezitia zote, kifuani mpaka mapajani, na mimi nilikuwa nimeshawasifu kwa kila mtu. Mama akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga, akapitisha ukucha ubavuni.

"Hapa fundi kakosea," akasema. "Safu hii haikukutana na hii."

Nikaangalia. Kweli. Pale vipande viwili vya plastiki vinapounganishwa chini ya kwapa, pembetatu za mbele zinakatikia njiani na za nyuma zinaanza upya, nusu safu juu zaidi. Miezi mitano nimekishika, sikuwahi kuliona.

Nilikuwa nimepanga kukipa 9 kwa 10. Nakipa 7: moja nimetoa kwa ile nyonga, moja kwa ubavu. Shemeji anarudi tena mwezi ujao, nimemuagiza kisanamu cha Okoye, yule jemadari wa kike wa filamu ile ile, na safari hii nimemwambia kabla hajalipa akitazame chini ya kwapa.