Kabla hujanunua maiki nyingine: tiba ya "s" zinazochoma masikio, kwa mpangilio wa thamani

Shangazi yangu ana genge la samaki Buguruni. Alinipa kazi ya kumrekodia tangazo la kupiga kwenye ile spika ya mdomo mpana inayoning'inizwa mlangoni. Maneno mepesi tu: "Samaki safi, sato na sangara, shilingi elfu sita, sita, sita!" Nikawasha maiki yangu mpya ya kondensa, ile aina inayonasa hata kelele ndogo, nikarekodi, nikampelekea kwenye flashi. Kesho yake asubuhi simu: "Mwanangu, hili tangazo linafukuza wateja. Linakwaruza kama unapara samaki ndani ya sikio."

Alikuwa sahihi. Nami nilikuwa nimeshatoa hela ya seti nzima: maiki, mkono wa chuma wa kubana mezani, sponji, na ile chujio ya duara ya kitambaa. Muuzaji aliniapia kwamba chujio hiyo "inaondoa kelele zote za mdomo". Haiondoi. Ile kazi yake ni pumzi ya p na b, ule mpasuko unaopiga maiki kama kofi. S ni jambo jingine kabisa: hewa inapenya kati ya ulimi na ufizi, inagonga meno, na sauti yake inajaa masafa ya juu, takriban kilohezi 5 hadi 8, kwa wanawake wengi hata zaidi. Sh inakaa chini yake kidogo. Kitambaa hakizuii hayo, na kondensa nyingi za bei poa zinainua masafa hayohayo, ndiyo maana dukani zinasikika "klia".

Kiswahili nacho hakituhurumii. Kabla hujatoa hela, jirekodi ukisema: "Msasani, Sinza, Msimbazi, Dar es Salaam." Hicho ndicho kipimo changu cha kila kitu hapa chini.

Ya kwanza haina bei: shubiri moja na pembeni. Najua umekuja kununua, lakini hii inashinda nusu ya vitu vya Kariakoo. Masafa ya juu husafiri kama tochi, yananyooka kutoka mdomoni kwenda mbele. Weka maiki umbali wa shubiri, kisha isogeze kando ielekee pembe ya mdomo, au ishushe kidogo chini ya kidevu ikitazama juu. Usiongee ndani yake, ongea kupita kando yake. Kuna na ujanja wa mafundi wa zamani: penseli iliyofungwa kwa mpira wima mbele ya maiki, inaupasua mkondo wa hewa. Inachekesha kuitazama, lakini ijaribu.

Hapohapo tazama chumba. Nyumba zetu nyingi ni vigae chini, plasta ukutani, vioo dirishani. S ikitoka inagonga huku na kurudi. Blanketi zito nyuma yako na jingine ukutani mbele yako, au rekodi ukiwa umesimama mbele ya kabati la nguo lililofunguliwa. Zima pangaboi. Utatoka jasho, hasa Januari, vumilia.

Ya pili, na ndiyo ningenunua leo: maiki ya dainamiki yenye USB. Dainamiki kwa kawaida haziko kali huko juu kama kondensa za bei poa, na hazichukui sana kelele za mbali: bodaboda, jenereta ya jirani, kuku. Samson Q2U ndiyo pendekezo langu, maana ina matundu mawili, USB ya kuchomeka kwenye laptop sasa hivi, na XLR, tundu la pini tatu, ya siku utakaponunua mikisa. Unaanza bila kununua kisanduku kingine cha kuunganishia.

Mtu atakuambia chukua Shure SM58. Ni maiki nzuri, iko sokoni tangu 1966, na inavumilia kuangushwa. Ila ina mambo mawili. Inahitaji kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, kwa hiyo bei unayoambiwa ni nusu ya safari. Pili, ni kati ya maiki zinazoghushiwa sana duniani. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300. Ukiishika ikawa nyepesi kama chupa tupu, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Na kuhusu Shure SM7B, maiki inayoonekana kwenye kila podikasti: inataka nguvu kubwa sana ya kukuza sauti, kiasi cha desibeli 60, na visanduku vya bei rahisi vinaifikia kwa kuhema. Iache kwanza.

Ya tatu: diesa, programu ya kubana s peke yake. Nimeiweka ya tatu kwa makusudi, ingawa ni bure. Inasafisha kilichobaki, haiokoi kilichoharibika. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni bure, na TDR Nova, programu ndogo ya nyongeza ambayo pia ina toleo la bure, inaingia humo: chagua eneo la kilohezi 5 hadi 8, iambie ishushe desibeli 3 hadi 6 tu pale s inaporuka. Reaper, programu nyingine ya kurekodi, unaijaribu siku 60, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ndani yake mna diesa tayari. Ukibana kupita kiasi, msemaji wako anapata kithembe: "Thamaki thafi, thato na thangara." Nilimpelekea shangazi toleo hilo. Alicheka mpaka akakata simu.

Kama tangazo ni la sekunde 20, achana na programu zote: chagua s moja moja kwa kipanya, ishushe desibeli 4 au 5, endelea. Dakika kumi umemaliza. Na kama unatumia kompresa, programu ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, weka diesa baada yake, kisha usikilize. Kompresa inashusha irabu zenye nguvu, s zinabaki zimesimama juu kama minazi.

Ya nne: maiki ya kubana kifuani. Boya BY-M1 ya waya wa mita 6 inafaa kwa anayerekodi na simu. Kifuani masafa ya juu yanafika yakiwa yamepungua, kwa hiyo s inalainika yenyewe. Lakini inasikia kila upande, na simu nyingi mpya hazina tundu la mviringo la hedfoni. Utahitaji adapta inayopitisha maiki, si ya kusikilizia muziki tu. Zile ndogo zisizo na waya, za bei ya chipsi kuku, kichujio chake cha kelele huzitafuna s zikawa mchanga.

Hedfoni za waya ni lazima, sizipangi namba. Spika ya simu itakudanganya. Jua tu kwamba nyingine, kama Sony MDR-7506, zenyewe zina makali huko juu, na zinaweza kukufanya ukate s mno.

Chujio ya duara ni ya mwisho. Sponji vilevile.

Ukienda Kariakoo, nenda asubuhi kabla msongamano haujachachamaa, na beba laptop au simu yako na hedfoni zako. Omba uijaribu. Kaka wa dukani atakuambia, "Bosi, hii ni studio kabisa." Mwitikie vizuri, kisha sema mbele yake: Msasani, Sinza, Msimbazi. Sikiliza papohapo, umeisogeza kando, si mbele ya mdomo. Halafu ulizia risiti na siku za kurudisha kabla hujatoa pochi, maana nyuma ya risiti nyingi kuna mhuri ule: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.